Maua Kwenye Meza ya Habari

Bibi harusi alinikuta kwenye foleni ya chakula, nikiwa nimeshika sahani na kumkazia macho mpakuaji ili asinipe mfupa mtupu. Silantoi ni binti wa rafiki yangu Naserian, na siku hiyo nusu ya Kajiado ilikuwa imekuja kumsindikiza. Shanga zilimfunika kuanzia shingoni hadi kifuani, zikilia kila alipogeuka kumsalimia mtu. Yeye husoma habari katika stesheni moja kubwa ya runinga kule Nairobi, kwa hivyo watu walikuwa wakimtazama mara mbili, kwanza kama bibi harusi, kisha kama mtu waliyekuwa naye sebuleni jana yake. Akaninong'oneza, "Auntie, ni kweli wewe na mama mlikuwa mnasoma habari na malapa?" Nikamwambia ni kweli, ila mama yake hakusoma, alishika kamera, na malapa yalikuwa yangu peke yangu. Akacheka, kisha akasogea karibu zaidi na kuniuliza kama hata sisi tulikuwa tunapigiwa simu na wenye matangazo. Hilo hakuliuliza kwa mzaha. Kabla sijajibu wazee walimwita aje abarikiwe, akaenda, nami nikarudi kwenye meza waliyotutengea sisi wa zamani. Naserian alikuwa hapo, akijifanya hajalia. Mzee Mulwa, aliyekuwa mhariri wetu, alikuwa hapo pia, mzee kwelikweli sasa, akitafuna mbavu za mbuzi kwa meno yake mwenyewe na kumsahihisha mshereheshaji Kiswahili chake chini kwa chini. Tulikaa hadi jua likaanza kuinama, tukikumbushana mwaka mmoja tu. Jibu nililoshindwa kumpa Silantoi kwenye foleni ndilo ninaloliandika hapa.

Sitaeleza nilikozaliwa wala aliyenisomesha. Inatosha kusema kwamba nilifika Kitengela nikitoka magharibi, nikiwa na cheti cha uandishi wa habari na koti moja la heshima, mwaka wa uchaguzi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Stesheni yetu ilikuwa juu ya duka la kuuza chakula cha mifugo, na ngazi zake zilinuka pumba na dawa ya kupe. Zamani hapo juu palikuwa nyumba ya kupanga. Chumba kikubwa cha kulala ndicho kilikuwa studio; tulitundika magodoro ukutani ili sauti isirudi, na juu ya magodoro tukapigilia kitambaa cha buluu. Chumba kidogo kilikuwa ofisi ya Mzee Mulwa. Jikoni palibaki jikoni, na hapo ndipo tulipoandika habari, tukiegemea sinki, chai ikichemka. Nilisoma taarifa ya saa moja nikiwa nimevaa lile koti juu, na chini ya meza sketi ya nyumbani na malapa, kwa sababu kamera ilikuwa na jicho la kuona nusu yangu tu. Ng'ombe waliporudishwa kutoka malishoni walipita barabarani chini ya dirisha, na kengele zao ziliingia kwenye habari. Mzee Mulwa alitaka dirisha lizibwe. Watazamaji wakapiga simu wakisema tuliache wazi, hizo kengele ndizo zinawajulisha kwamba habari ni za leo.

Nilikuwa na furaha ya ajabu mwaka ule, na mpaka leo sijui kama ni ujana au ni mji wenyewe. Mama mboga aliniongezea nyanya siku nilizosoma vizuri na akaninyima siku nilizokwama. Mwenye bucha aliniita dirishani akaniambia, jana ulikuwa na huzuni, nani amekukosea? Nilipanga chumba kimoja na Naserian kwenye ploti ya vyumba vya mabati, nyuma ya kanisa. Yeye alikuwa mtu wa hapo hapo, mama yake aliishi bomani kando ya mashamba ya maua, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu. Tulikuwa na jiko moja la makaa na ubishi usiokwisha. Mimi nilipika omena, vile visamaki vya ziwani vya kwetu, naye akakaa mlangoni akisema hawezi kula kitu kinachomtazama kwa macho mengi hivyo. Yeye alileta maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, nami nikanywa nikikunja uso, hadi siku moja nikajikuta nimekimaliza kibuyu peke yangu. Alicheka hadi jirani akagonga ukuta. Jumapili tulifua nguo, tukaanika, na wakati upepo wa Kitengela ukizijaza vumbi upya, tulipanga tutakavyokuwa watu wakubwa wa runinga.

Yale maua yalianza kuja mapema mwaka huo. Kulikuwa na kampuni ya maua, kubwa, yenye vibanda vya nailoni vilivyometameta kama ziwa ukiwa mbali. Jina lake silitaji. Sisi tuliiita Kampuni tu. Iliamua kudhamini taarifa yetu ya habari, na kila asubuhi gari lake lilileta waridi mbichi za kuwekwa kwenye meza yangu. Tulishangilia. Meza yetu ilikuwa na ufa, na maua yaliuficha. Baada ya maua vikaja vikombe vya chai vyenye alama yao. Baada ya vikombe, pazia. Kisha habari za Kampuni zikaanza kuingia: leo imepeleka madawati shuleni, leo imepanda miti, na hazikuwa za uongo, madawati nilikwenda nikayakalia mwenyewe. Hakuna siku hata moja tuliyoambiwa tuseme uongo. Tuliambiwa tu hii ingojee kidogo, ile neno lake ni kali, huyu ni mwekezaji jamani. Kule kwenye foleni Silantoi alinitazama kama mtu anayedhani sisi wa zamani tulikuwa na adui aliyekuja amenuna. Adui gani? Alikuja akitabasamu, akauliza habari ya mama, akatuletea mandazi.

Huyo aliyetabasamu aliitwa Bwana Makokha, msemaji wa Kampuni. Alikuwa mtu wa kwetu, na alipogundua hilo akaanza kuniita mtoto wa kwetu. Alikuwa mcheshi, alivaa tai hata Jumamosi, na nilimpenda, sitasema sikumpenda. Alijua majina ya watu wote hadi mfagiaji. Alikuwa akiketi jikoni kwetu na kula omena zangu kwa mkono, akimcheka Naserian. Lakini kipindi cha kiangazi kilipokolea, visima vya akina mama wa bomani vilianza kukauka, na watu wakasema vimekauka tangu Kampuni ilipochimba kisima chake cha mashine, kirefu kuliko vyote. Naserian alikwenda akarekodi. Alirudi na picha za mama yake mwenyewe akivuta kamba na kupandisha ndoo yenye tope. Mzee Mulwa aliitazama hiyo picha mara mbili, akavua miwani, akasema ingojee. Ikangoja. Wiki zikapita. Kila jioni nilisoma habari nyuma ya waridi zilizokuwa na matone ya maji kwenye petali, na Naserian, akiwa nyuma ya kamera, alikuwa akizileta karibu kidogo kila siku, hadi ilibidi Mzee Mulwa amwambie kwamba msomaji wa habari ni Nekesa, si ua.

Uchaguzi ulipokaribia tulianzisha kipindi cha kuwahoji wagombea, na Kampuni ikakidhamini pia. Mahojiano makubwa yalikuwa ya Ole Kishoyian, aliyetaka kiti cha ubunge na ambaye wengi waliamini atakipata. Alikuwa mwanamume mrefu, mwenye sauti nzuri na mapenzi makubwa na hiyo sauti. Tulipanga kumhoji Jumamosi asubuhi kule Kajiado mjini, kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, siku isiyo ya mnada, mbele ya wananchi. Mimi ndiye ningeuliza maswali. Siku mbili kabla, nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na Makokha alikuwa ofisini kwa Mzee Mulwa. Ukuta ule ulikuwa wa mbao nyembamba. Nilimsikia Makokha akisema, kwa sauti ile ile tamu, kwamba Kampuni ingependa kutudhamini mwaka mzima unaokuja na kutununulia kamera mpya, na kwamba ombi lao ni dogo: habari ya maji isiulizwe, maana ni jambo la wataalamu, wananchi watachanganyikiwa. Nilingoja Mzee Mulwa aseme kitu. Nilisikia kiti chake kikilia. Halafu nikamsikia akisema, "Sawa, nitaongea na msichana." Ugali uliniungulia. Naserian alikuwa ameketi juu ya ndoo karibu yangu, naye amesikia yote. Alichukua sufuria mkononi mwangu, akaanza kukwangua ukoko.

Mzee Mulwa aliniambia jioni hiyo, wima, akiangalia dirishani. Alisema hataki niape, anataka tu nisiulize. Nilimuuliza ingekuwaje nikiuliza. Akasema ukweli: tungefunga, maana bila Kampuni hata stima ya studio hatungeweza kuilipia, na watu wote waliokuwa wakila kwa hiyo stesheni wangerudi makwao. Hakunitisha. Alionekana mtu aliyechoka. Nikamwambia sawa, sitauliza. Usiku ule, chumbani, Naserian hakunilaumu. Nilipomwambia nimekubali, aligeukia ukuta akasema mama yake angekuja Jumamosi kumsikiliza mgombea, na labda ningetaka kujua hivyo.

Jumamosi uwanja ulijaa kabla hatujafika. Watu walikaa juu ya vyuma vya kufungia ng'ombe kama walio kwenye viti vya bei ghali. Makokha alikuwa ametangulia na meza, kitambaa cheupe, na waridi nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Aliweka mtungi mbele yangu na mwingine mbele ya mgombea. Naserian aliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, akafunga shuka kichwani kwa sababu ya jua. Ole Kishoyian alifika akisalimia kila mtu, "Sopa, sopa," na akina mama "Takwenya," nao wakamwitikia kwa wingi. Alikuwa amebeba rungu lake zuri lenye shanga. Kabla sijasema lolote, alisimama akawaeleza watazamaji wa runinga kwamba hapa kwetu, katika mkutano, mwenye rungu ndiye mwenye neno, na hakatizwi, awe tajiri au maskini. Watu wakapiga makofi. Nadhani alitaka tu nisimkatize. Nikamuuliza swali la kwanza, kuhusu barabara, na akajibu kwa muda mrefu sana. Katikati ya jibu lake mbuzi mmoja, ambaye hakuna aliyejua ametokea wapi, aliweka kwato mezani na kuanza kula waridi. Alikula taratibu, akichagua. Watu walicheka, na Ole Kishoyian, akidhani anachekewa mwenyewe, akaongeza utani. Makokha alikuwa akipunga mikono nyuma ya kamera. Naserian hakusogeza kamera hata kidogo.

Lilipokuja swali la pili, nilijua kwamba sina. Nilikuwa nimejiandalia maswali ya shule na ya soko, lakini kinywani hayakuwepo. Nilimwona mama yake Naserian, ambaye nilimwita Yeyo, yaani mama, kama bintiye, ameketi mstari wa mbele ardhini, miguu imenyooka, mikono juu ya mapaja. Nilikuwa nimeahidi kutouliza. Hakuna aliyekuwa ameniomba niahidi kwamba wengine hawatauliza. Nikasema kwenye maikrofoni kwamba mimi ni mgeni Kajiado, na ingefaa wenyeji waulize wenyewe. Ole Kishoyian alifurahi mno. Ili kuonyesha kwamba anawaheshimu akina mama, alishuka, akainama, akampa Yeyo lile rungu kwa mikono miwili, na watu wakampigia makofi kwa hilo pia. Yeyo alilipokea. Alichukua muda kuinuka. Nikamfuata na maikrofoni, na nilipomkaribia nilisikia harufu ya moshi na maziwa, ile ile ya kibuyu.

Alizungumza Kiswahili polepole, akitafuta kila neno. "Mimi niko na kisima," akasema. "Kilikuwa na maji tangu niolewe. Kampuni ikachimba chake, changu kikakauka. Sasa wewe ukienda bunge, utakaa upande wa kisima gani?"

Mbuzi aliendelea kutafuna. Ole Kishoyian alinyoosha mkono kama anayetaka kurudishiwa rungu, Yeyo akalikumbatia kifuani. Hakuwa amemaliza, alikuwa akingoja. Yule mwanamume mkubwa akatazama huku na huku, akamtazama Makokha, akanitazama mimi, halafu, na kwa hili nitamheshimu hadi nife, akacheka kwa moyo. "Yeyo, niliambiwa hilo haliulizwi leo," akasema. Sauti ikatoka kwenye vyuma: uliambiwa na nani? Akasema aliambiwa alipokuwa akila chakula cha mchana na wenye kisima. Watu walicheka hadi vyuma vikatetemeka. Aliongeza, uso ukiwa umebadilika, kwamba jibu hana, lakini kwa kuwa limeshaulizwa mbele ya mke wake, aliyeketi kati ya akina mama, hawezi kurudi nyumbani bila kulitafuta. Kisha akakaa chini. Wakaja wengine, mmoja baada ya mwingine, rungu likipita mkono kwa mkono, na hakuna aliyeuliza habari ya barabara tena.

Tulirudi Kitengela na ile kanda Naserian ameikumbatia kama mtoto. Mzee Mulwa alitupokea, akaingia nayo ofisini kwake, ambako pia ndiko tulikokatia picha, akafunga mlango. Sisi tulikaa jikoni. Naserian alipika chai, tukasahau kuinywa. Tulisikia sauti ya Yeyo kupitia ukutani, ikarudishwa nyuma, ikasikika tena. Makokha alifika akihema, tai imelegea, akasimama katikati ya jikoni bila kuketi. Hakuwa na hasira na mimi. Aliniambia, mtoto wa kwetu, umeniweka mahali pabaya, na niliona kwamba ni kweli, yeye pia alikuwa na wakubwa wake. Mlango ulipofunguka, Mzee Mulwa alikuwa amekunja mikono ya shati.

"Nimekata," akasema.

Naserian akaweka kikombe chini. Makokha akashusha pumzi, akamshukuru, akasema alijua yeye ni mtu wa hekima. Mzee Mulwa akamtazama kwa upole.

"Nimekata tangazo lenu, Bwana Makokha. Lilikuwa katikati ya swali la mama. Mwenye rungu hakatizwi."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimeona watu wakitunukiwa mambo makubwa, lakini sijaona uso kama wa Naserian pale. Alimrukia mhariri wake shingoni, mtu aliyekuwa hata hapendi kushikwa mkono. Makokha alibaki amesimama kidogo, kisha akaomba chai. Alikunywa chai yetu, akaaga kila mtu kwa jina, akateremka ngazi. Tulirusha mahojiano Jumapili jioni, mazima, mbuzi akiwemo. Kwenye ploti yetu watu walijazana chumba cha jirani mwenye runinga, na Yeyo alipouliza swali lake kwenye kioo wakalirudia kwa pamoja, kama kiitikio kanisani. Jumatatu gari la maua halikuja. Jumanne pia. Nilisoma habari kwenye meza yenye ufa, na badala ya kusema zimeletwa kwenu na nani, nilisema tumezileta wenyewe.

Hatukufunga, ingawa tulipepesuka. Mishahara ilichelewa, na kuna mwezi tulikula omena hadi Naserian akakiri kwamba si mbaya. Lakini mji ulikuwa umetusikia. Mwenye bucha alikuja kutangaza bucha yake, akataka kujitangaza mwenyewe, na alipoona taa imewaka akasahau kila kitu isipokuwa bei ya maini. Wakafuata fundi wa nguo, chuo cha udereva, mama mboga na nyanya zake. Mzee Mulwa aliwafundisha kutamka, mmoja mmoja, jikoni, na matangazo yetu yakawa yanapendwa kuliko habari. Ningedanganya nikisema hao wadogo hawakutupigia simu. Fundi alinuna tuliposoma habari ya moto dukani kwake. Lakini walikuwa wengi, na hakuna mmoja aliyeweza kuondoka na stima yetu. Hilo ndilo ningemwambia Silantoi: simu zitakuja daima; cha kuuliza ni kama anayepiga ndiye peke yake anayekulisha.

Ole Kishoyian alishindwa, si kwa mbali. Alikuja studio kuniambia kwamba hajawahi kulala vizuri hivyo. Aliyeshinda alikuta lile swali likimngoja kila mkutano alioenda, na kufikia mvua za kwanza za mwaka mpya Kampuni ilikuwa imetoa bomba kutoka kisima chake hadi nje ya uzio wake, upande wa maboma. Makokha alinipigia mwenyewe kunialika kwenye ufunguzi. Naserian alisema twende, ni habari, ila chai yao tusiinywe. Tulikwenda asubuhi, nyasi zikiwa zimeanza kuchipua, akina mama wamejipanga na mitungi yao, wakiimba. Mkuu mmoja kutoka Nairobi alikata utepe, akasoma hotuba, akaingia garini. Makokha alibaki. Yeyo akafungua bomba, maji yakatoka kwa kukohoa, mekundu kwanza, halafu meupe, na nyimbo zikapanda. Nikasimama mbele ya Makokha na maikrofoni, mara ya kwanza kumhoji, nikamuuliza kama haya ni maji ya kisima kile kile ambacho Kampuni ilikuwa ikisema hakina uhusiano na visima vya akina mama. Akakiangalia kioo cha kamera. Akarekebisha tai. "Ndiyo," akasema, "ni kile kile." Yeyo alikuwa amejaza kikombe, akampelekea yeye kwanza, kama mgeni. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, na maji yakamwagikia tai, akacheka, nasi tukacheka naye. Nilimngojea amalize kunywa, kisha nikauliza swali la pili.